Sheria yetu inasema saa 2, ya Marekani saa 48. Mbona "koneksheni", yaani video za utupu zilizovuja, zinakaa mtandaoni miaka?

#1 Kitasa Cha Mbao

Wakuu, habari za jioni.

Mei 2025 Marekani walisaini sheria inaitwa TAKE IT DOWN. Mtu akilalamika kwamba picha yake ya utupu imewekwa mtandaoni bila ridhaa yake, mtandao husika una saa 48 kuiondoa, hata kama imetengenezwa na akili mnemba. Dunia nzima ikashangilia.

Nikasema ngoja nisome za kwetu Tanzania. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitoa saa 12. Za 2020 zikashusha mpaka saa 2. Saa mbili! Yaani kwenye karatasi sisi ni wakali mara 24 kuliko Marekani. Bado hujaenda Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14: kuchapisha ponografia ni faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7.

Sasa kuna dada nilisoma naye, video yake ilivuja 2021. Juzi kijana wangu wa dukani ananionyesha huku anacheka, hajui kama namfahamu. Dada wa watu kaolewa, ana watoto wawili, na video bado inazunguka kama jana.

Swali langu: sheria kali hivi inashindwaje? Tatizo ni sheria yenyewe, ni mitandao, ni polisi, au ni sisi? Nawasilisha.

#2 Pweza Wa Forodhani

Ni sisi. Uzi ufungwe.

#3 Mzee Wa Kaptula

Kijana wa dukani ulimfanyaje?

#4 Kitasa Cha Mbao

@Mzee, nilimwambia afute, akafuta mbele yangu. Ila kaitoa kwenye grupu la watu elfu na kitu. Kufuta kwake ni kuchota maji ya bahari kwa kikombe.

#5 Mkoba Wa Ukili

Mleta mada umesoma vizuri ila kuna mahali umeteleza.

Hizo saa 2 zinambana mtoa huduma za maudhui, yaani mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano: blogu, televisheni za mtandaoni, majukwaa ya hapa nyumbani. Leo ukinituma nipeleke barua ya saa 2 kwa Telegram, nitaipeleka mtaa gani?

Halafu kisome kifungu cha 14 taratibu, ulitafute neno "ridhaa". Halimo. Kosa ni kuchapisha ponografia, basi. Kifungu kinalinda maadili ya jamii, hakimlindi aliye kwenye picha. Mke aliyemtumia mumewe picha akiwa safarini, na mume aliyeimwaga kwenye grupu baada ya talaka, wote wawili wanaweza kujikuta wanaulizwa swali moja: nani kachapisha? Nimefanya kazi za mahakamani miaka kadhaa, na wanawake wengi wanaokuja na jambo hili wanaondoka bila kufungua chochote. Wanaogopa kugeuziwa kibao.

Kuna kifungu cha 23, unyanyasaji wa mtandaoni, faini kuanzia milioni 5 au jela kuanzia miaka 3. Hicho ni rafiki zaidi, lakini lazima uonyeshe kusudio la kutisha, kusumbua au kumuumiza mtu moyo. Anayesambaza akisema "nilikuwa natania wanangu" anapenya hapo hapo.

#6 Ssebo

Naunga mkono #5, kugeuziwa kibao si hadithi. Niko Kampala. Mwaka 2014 picha za mwanamuziki mmoja wa kike zilivujishwa na aliyekuwa mpenzi wake. Waziri wa Maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alisema anayepaswa kukamatwa ni huyo dada. 2018 mwanamitindo mwingine akakamatwa kweli baada ya picha zake kuvuja. Yote chini ya Sheria ya Kupinga Ponografia ya 2014. Mpaka Agosti 2021 ndipo Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu vyake vikuu.

Kwa hiyo mnapoomba sheria, semeni ni ipi.

#7 Chuma Cha Reli

Kenya wametuacha mbali sana. Huko ukisambaza picha ya mtu ni faini ya milioni 20 za kwao na miaka 10 jela. Nani atathubutu?

#8 Nyali Ya Zamani

@Chuma, ndugu yangu, hapo umechanganya mchele na choroko. Miaka 10 na milioni 20 ni kifungu cha 27, usumbufu wa mtandaoni. Kusambaza picha za utupu ni kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo yetu ya makosa ya mtandao ya 2018, na adhabu yake haizidi shilingi 200,000 au miaka 2. Laki mbili! Kuna simu za bei kuliko hiyo faini.

Kilichosaidia kwetu zaidi ni Katiba, kifungu cha 31, haki ya faragha. 2016 Mahakama Kuu Nairobi ilimpa fidia ya milioni moja mrembo aliyevuliwa taji baada ya picha zake kutoka, na aliyeagizwa kulipa ni aliyekuwa mpenzi wake. Alikuwa kazipiga mwenyewe, na jaji hakusema "ulijitakia".

Na mkumbuke, Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa yetu ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Kesi zenyewe ni za wale waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook pale Nairobi, wanadai mambo ya ajira na afya ya akili. Lakini mlango ukifunguliwa kwa mmoja, upepo unaingia nyumba nzima.

#9 Chuma Cha Reli

Nimekubali mkuu. Nilisoma kichwa cha habari tu.

#10 Pweza Wa Forodhani

Kama kawaida yako.

#11 Baridi Ya Reading

Salaam kutoka Uingereza. Hilo la kusudio alilosema Mkoba (#5) hapa liliwatesa miaka tisa. Sheria ya 2015 ilitaka uthibitishe aliyesambaza alinuia kumletea dhiki aliye kwenye picha. Watu wakawa wanajitetea: mimi nilitaka sifa tu, mimi nilitaka hela. Wakachomoka. Tangu 31 Januari 2024 kusambaza bila ridhaa peke yake kunatosha kuwa kosa. Ukinuia kuumiza, kosa linakuwa zito zaidi.

Kwa mitandao yenyewe kuna Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa hapa, wanaweza kutoza paundi milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya dunia nzima, inayozidi. Hapo kampuni inasikia. Januari 2026 waliifungulia X uchunguzi kwa sababu ya Grok, ile akili mnemba yao iliyokuwa inavua watu nguo kwenye picha. Indonesia na Malaysia wao hawakusubiri, walizima Grok siku zile zile.

#12 Tausi80

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Naomba mnivumilie.

Mdogo wangu ana miaka 22. Aliachana na mtu mwezi wa pili. Tangu hapo vitisho: rudi au nakuanika. Wiki iliyopita akamwanika. Akaunti ya Facebook yenye jina lake kamili na picha, na chaneli ya Telegram. Chuoni wameshaona, haendi darasani, anakula kwa kulazimishwa.

Nilimpeleka kituo cha polisi, sitakitaja. Askari wa kaunta akasema "hebu tuone hizo picha". Akaangalia. Akamwita mwenzake naye aangalie. Kisha akamuuliza mdogo wangu, "Sasa wewe ulipiga za nini?" Tukaondoka bila hata RB, ile namba ya kuonyesha umefungua malalamiko.

Nataka kujua nifanye nini leo. Hayo ya sheria mpya endeleeni kujadili, mimi nasoma.

#13 Mkoba Wa Ukili

Pole sana dada. Msifute chochote kwanza, hata vile vitisho vya WhatsApp. Piga picha za skrini zionyeshe anwani ya ukurasa, jina la akaunti, tarehe na saa. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila wataulizia umepatikanaje na umetunzwaje, kwa hiyo simu yenyewe muitunze.

Kisha rudini polisi, kituo kingine, mkaulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Msipite kaunta. Usiseme "picha za utupu zimevuja". Sema "ananitishia na kuninyanyasa kwa mtandao", ili waanzie kifungu cha 23. Neno la kwanza utakalosema ndilo linaamua utaandikwa mlalamikaji au mtuhumiwa.

#14 Bi Asumini

Tausi mwanangu, pole. Mie niko Unguja, nimeshamzika mtoto wa jirani kwa jambo kama hili, siendelei. Usimwache peke yake usiku. Hilo kwanza, hayo ya mitandao baadae.

#15 Baridi Ya Reading

@Tausi, kuna StopNCII. Inatengeneza alama ya kidijitali ya picha, tuseme alama ya kidole ya picha, halafu alama hiyo inagawiwa kwa mitandao iliyojiunga, picha ile ile ikipandishwa inazuiwa. Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat na Reddit wamo. Aliye kwenye picha awe na miaka 18 kwenda juu.

#16 Chuma Cha Reli

Yaani nitume picha yangu ya utupu kwa Wazungu ili wanisaidie isionekane? Hapana kwa kweli. Na hiyo si ndiyo Take It Down aliyosema mleta mada?

#17 Mwadilifu Daima

Mnazunguka mbuyu. Dawa ni moja tu: USIJIPIGE PICHA ZA UCHI. Wazee walivaa kaniki na hatukusikia haya. Mabinti wa siku hizi wanataka sifa, yakiwakuta wanataka serikali iwafutie. Ukicheka na nyani utavuna mabua.

#18 Baridi Ya Reading

@Chuma, mawili. Picha haitoki kwenye simu yako, kinachotoka ni ile alama tu, herufi na tarakimu ambazo huwezi kuzirudisha ziwe picha. Na majina yanachanganya kweli: Take It Down ni huduma ya kituo cha watoto cha Marekani, NCMEC, kwa picha za waliokuwa chini ya miaka 18. TAKE IT DOWN ya mleta mada ni sheria. Jina moja, vitu viwili.

Ila StopNCII ina mipaka. Akiikata picha au kuibadilisha, alama inaweza isilingane. Na mtandao usiojiunga haiugusi.

#19 Fundi Wa Tandika

@Mwadilifu Daima, natengeneza simu mwaka wa kumi na moja huu, nikuambie ninachokiona mezani.

Mtu analeta simu kubadilisha kioo, fundi anaomba nywila. Ya nini? Kupima tachi hakuhitaji kuingia kwenye picha. Mimi nikimaliza namwita mwenye simu aifungue mwenyewe. Lakini kuna vijana hapa mtaani kazi yao ya pili ni hiyo, simu ikilala kwao usiku inaamka imepungukiwa siri.

Kingine: mtu anauza simu, kafuta picha kwenye galari, akaunti ya Google kaiacha humo. Aliyenunua anakaa anapokea picha mpya za familia ya watu kila jioni. Mama mmoja aliuza simu kwa mpwa wake, miezi sita mpwa anaona kila kitu, mpaka picha alizompigia daktari za upele wa kifuani. Huyo alijipiga kwa sifa?

Na kuna waliotegwa kamera nyumba ya kulala wageni. Na wanaotengenezwa na akili mnemba kutoka picha ya mahafali. Hao nao wavae kaniki?

#20 Mzee Wa Kaptula

Mficha uchi hazai, alisema nani vile?

#21 Mwadilifu Daima

Sijasema wote. Nimesema wengi.

#22 Jongoo Asiyepanda

Naomba niongeze upande wa wanaume maana mmeusahau.

Mwaka jana "binti" wa Facebook alinipigia simu ya video, amevaa kama alivyozaliwa, akanishawishi nami nivue. Dakika mbili. Simu ilipokatika nikatumiwa klipu yangu pamoja na orodha ya marafiki zangu wote. Laki moja na nusu. Nikalipa. Baada ya saa moja, laki nne. Hapo nikaelewa kuwa kulipa ni kumwonyesha kwamba kuna pesa. Nikazima kila kitu siku tatu. Walituma kwa watu wawili, mmoja shemeji yangu. Mpaka leo akinipakulia wali haniangalii usoni.

Namba niliyotumia pesa ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole. Jina likatokea la bibi mmoja. Nilipopeleka malalamiko niliambiwa nisubiri. Nasubiri.

#23 Pweza Wa Forodhani

Pole ndugu, ila hilo la shemeji na wali nimecheka, nisamehe.

#24 Kitasa Cha Mbao

Ahsanteni, nimejifunza mengi. Naona kuna kambi tatu: Mkoba anasema sheria haijui ridhaa, Nyali na Baridi wanasema kampuni zibanwe kwa pesa, Pweza anasema ni sisi. Jongoo kaleta ya nne, laini zilizosajiliwa kwa majina ya mabibi.

Ila niulize: kwa nini isiwepo ofisi moja tu? Piga namba, toa taarifa, wao wahangaike na Telegram.

#25 Nyali Ya Zamani

Australia wanayo, eSafety, tangu 2015. Si polisi. Unalalamika kwao, wao wanauandikia mtandao, saa 24. Wengi wa walioumizwa hawataki mtu afungwe, wanataka picha ishuke. Hilo la kufungwa linakuja baadaye au haliji kabisa.

#26 Mkoba Wa Ukili

Kwa Tanzania mimi ningeitazama Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ni ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, Tume ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Kwa mtazamo wangu picha ya mwili wako ni taarifa binafsi, na msingi wa sheria ile ni ridhaa, siyo maadili. Kifungu cha 14 kinauliza "hii ni chafu?" Sheria ya 2022 inauliza "mwenyewe kakubali?" Swali la pili ndilo letu. Sijaona bado kesi ya picha za utupu iliyopita njia hiyo, mwenye nayo aniwekee.

#27 Ukuta Wa Mawe

Nyie endeleeni kuwapa silaha. Mimi napinga, na msinielewe vibaya, nina mabinti watatu.

Mei 2025 X ilizimwa hapa kwetu. Waziri wa Habari wa wakati huo, Jerry Silaa, alieleza ni maudhui ya ngono, mila na desturi. Ilizimwa siku gani? Siku zile akaunti ya polisi ilipodukuliwa na nchi ilipokuwa inachemka kisiasa. Niambieni, ni picha ngapi za mabinti zilizoshuka kwa X kuzimwa? Watu wameingia kwa VPN, ambayo nayo TCRA ilitaka tuitolee taarifa tangu Oktoba 2023. Kenya nao Oktoba 2025 wamefanya marekebisho, kamati inaweza kuagiza tovuti ifungwe kwa sababu ya ponografia miongoni mwa mambo mengine, na mahakama ikasimamisha sehemu ya sheria hiyo siku chache baadaye.

Hata huko Marekani waliposhangilia, 409 kwa 2 kwenye Baraza la Wawakilishi, watetezi wa uhuru wa mtandao walilia kwamba saa 48 zitafanya kampuni zifute kwanza, zifikiri baadaye. Mwenye cheo hataki kashfa yake ionekane, anabonyeza kitufe kile kile cha mdogo wake Tausi.

#28 Bi Asumini

Ukuta, hofu yako naijua. Lakini kila tukitaka mtoto wa kike alindwe tunaambiwa ngojeni siasa zitulie. Zishawahi kutulia lini?

Na mwanamme akivuja anaitwa dume. Mwanamke anapewa jina jengine. Hakuna saa 48 wala saa 2 itakayolifuta jina hilo mtaani.

#29 Ukuta Wa Mawe

Bi mkubwa hapo sina jibu.

#30 Admini Wa Mnazi Mmoja

Mimi ni admini wa magrupu manne ya WhatsApp, la ukoo, la mtaa, la mpira na la waliosoma pamoja. Naomba niwaambie kitu ambacho wanasheria hawakioni.

Hii biashara haiishi Facebook. Facebook ni dirisha. Inaishi WhatsApp, na kule ujumbe umefungwa kwa msimbo mwanzo hadi mwisho, kampuni yenyewe haisomi. Saa 48 za nani? Kinachowezekana ni mtu wa ndani kuripoti, na ukiripoti WhatsApp wanapokea jumbe tano za mwisho za huyo mtu. Sasa nani wa ndani ataripoti? Novemba 2024, sakata la yule mkurugenzi wa Guinea ya Ikweta ambaye video zake za ngono na wanawake wengi zilivuja, serikali yao iliziagiza kampuni za simu zizuie. Hapa kwetu nilizipokea video zile kwenye magrupu MATATU kati ya manne. La ukoo likiwemo. Shangazi yangu mlokole aliweka na maneno "Mungu atuhurumie". Wale wanawake kwenye zile video hakuna aliyeuliza kama walijua wanarekodiwa.

Na ile video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume, ya Agosti 2024, iliyoishia mahakamani Dodoma? Watu walisambaza wakisema wanamtafutia binti haki. Nia njema kabisa. Binti akabakwa upya kwenye kila simu.

Niliweka kanuni: ukituma, unatoka, hata uwe mjomba. Nimemtoa mjomba. Harusi ya juzi sikualikwa.

#31 Mzee Wa Kaptula

Hahaha admini umepoteza pilau.

Lakini nauliza kwa wanaojua: Korea ya Kusini si walimbana hata anayetazama?

#32 Baridi Ya Reading

Ndiyo, Septemba 2024, za kutengenezwa na akili mnemba: kumiliki au kutazama tu, hadi miaka 3. Wametoka mbali. Yule kijana kinara wa vyumba vya Telegram vilivyouza video za ngono za mabinti alikuwa amepewa miaka 40 mwaka 2020. Telegram yenyewe ikaendelea kuwepo.

@Tausi, nilisahau: Google wana fomu ya kuondoa picha kama hizi kwenye matokeo ya utafutaji, ipo tangu 2015. Haifuti kule ilipo ila jina la mdogo wako likitafutwa haziji. Na kama alijipiga mwenyewe, hakimiliki ya picha ni yake. Dai la hakimiliki mara nyingi linasikilizwa haraka kuliko dai la utu. Inakera, lakini litumie.

#33 Tausi80

Nimerudi. Ahsanteni wote, Bi Asumini nimelala naye chumba kimoja siku zote hizi.

Facebook waliiondoa akaunti siku ya pili. Fomu ya Google tumejaza, tunasubiri. StopNCII ilinichukua kama dakika ishirini. Kituo cha pili tulipata RB. Dawatini alikuwepo mama mmoja askari, alifunga mlango, hakuomba kuona picha. Alisema atasoma maneno ya vitisho kwanza, picha akizihitaji atazihitaji kwa utaratibu. Mdogo wangu alilia pale pale, nadhani kwa kuwa alifungiwa mlango.

Chaneli ya Telegram bado ipo. Nimeripoti mara sita. Ilikuwa na watu 300, leo asubuhi 740.

#34 (ujumbe umeondolewa)

#35 Msimamizi

Nimeondoa #34. Mwanachama ameomba jina la chaneli "ili tusaidie kuripoti kwa wingi". Amejiunga juzi, hana mchango wowote zaidi ya kuomba linki kwenye nyuzi tatu. Nimemfungia.

#36 Tausi80

Huyo ni wa nne. Watatu walikuja inboksi. Mmoja wao ndiye aliyeandika #17.

#37 Mzee Wa Kaptula

Namba 17, unaitwa huku.

#38 Pweza Wa Forodhani

Yuko hewani, namuona kataa ka kijani. Kimya.

#39 Jongoo Asiyepanda

Fundi (#19), hilo la akaunti ya Google kwenye simu iliyokwisha uzwa, unalimalizaje kama simu huna tena? Niliuza moja mwezi wa kumi.

#40 Fundi Wa Tandika

@Jongoo, ingia kwenye akaunti yako ya Google kwa simu uliyonayo, nenda sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa vyako. Ukiona ile ya zamani, iondoe, kisha badilisha nywila usiku huu huu, usingoje kesho. Ukikwama njoo Tandika, hii sichaji. Ila uje na simu yako mwenyewe, nywila utaandika wewe, mimi nitageukia ukutani.